Jani, Tunda na Koni: Njia ya Kuitambua Miti ya Isingiro

Mwanafunzi wa sekondari atokaye kata ya Isingiro hupita chini ya miti ya aina nyingi kila asubuhi kabla ya kufika darasani. Hupita kando ya kibanja cha migomba na mibuni ambamo mtoma mkubwa umesimama. Huvuka bonde lililopandwa mikaratusi. Hupanda kilima chenye nyasi na migunga. Na pengine huingia shuleni chini ya kivuli cha misonobari. Akiulizwa majina ya miti hiyo, hutaja bila shida mwembe, mparachichi na mkaratusi. Iliyobaki huiita tu "miti ya porini". Babu yake angeitaja yote, mmoja mmoja, kwa Kinyambo.

Huenda mtu akauliza: kuna hasara gani katika kutojua jina la mti? Hasara ipo, tena huonekana baada ya miaka mingi. Mkulima akikosea mbegu ya mahindi, hutambua kosa lake msimu huohuo na kulisahihisha msimu unaofuata. Akikosea mche wa mti, hutambua kosa lake baada ya miaka minane au kumi, wakati mti umekwisha kukua vibaya, au umekwisha kuota mizizi mahali usipotakiwa kuwapo. Shule iliyopanda mti unaopenda baridi ya milimani kwenye bonde lenye joto itavuna nguzo dhaifu. Kijiji kilichopanda mti wenye kiu kubwa juu ya chemchemi kitauona ubaya wake ndoo zitakapoanza kurudi nusu. Kwa hiyo elimu ya kuitambua miti ina manufaa makubwa nje ya mtihani wa biolojia.

NCHI NA MITI YAKE

Isingiro imo katika mkoa wa Kagera. Ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe hadi mwaka 2012, wilaya ya Kyerwa ilipoanzishwa. Jina hilohilo linatumika pia kwa wilaya jirani ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda. Ni nchi ya vilima virefu na mabonde, yenye misimu miwili ya mvua, na Mto Kagera ukiizunguka kwa upande wa magharibi na kaskazini. Juu ya vilima kuna nyasi na miti michache iliyotawanyika. Karibu na nyumba kuna vibanja vya migomba. Mabondeni kuna vijito na masalia ya misitu.

Miti ya nchi hii ilianza kuingia katika vitabu vya elimu ya mimea zamani. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe katika himaya ya Mukama Rumanyika. Speke aliendelea na safari kwenda Buganda mwezi wa Januari 1862, lakini Grant alilazimika kubaki Karagwe kwa miezi kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa mguu. Grant alikuwa mpenzi wa mimea, na mimea iliyokusanywa katika safari hiyo ilichapishwa London kuanzia mwaka 1872. Kazi ya kuiorodhesha mimea ya Afrika Mashariki iliendelezwa na wataalamu wengi baada yake. Orodha kuu ya mimea ya mwituni ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikakamilika mwaka 2012, nayo ina aina 12,104. Hakuna mtu awezaye kuzikariri aina zote hizo. Wataalamu wenyewe huitegemea njia, wala hawategemei kumbukumbu tu. Na njia hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kujifunza.

JINSI YA KULISOMA JANI

Jani ndilo sehemu ya mti ipatikanayo kwa urahisi zaidi, maana maua na matunda huja kwa msimu. Hata hivyo, mwenye kulitazama jani hana budi kujua mambo manne.

Jambo la kwanza ni kutambua jani linaanzia wapi na kuishia wapi. Majani mengine ni sahili, yaani ni bapa moja tu juu ya kikonyo kimoja, kama jani la mwembe. Mengine ni ambatano, yaani kikonyo kimoja kimebeba vijani vingi. Mwanafunzi asiyejua tofauti hii hudhani kila kijani ni jani kamili. Ili asikosee, na atafute tumba, yaani chipukizi dogo lililo katika kwapa la jani, pale kikonyo kinapoungana na tawi. Tumba hukaa kwenye kwapa la jani zima. Halikai kamwe kwenye kwapa la kijani.

Jambo la pili ni mpangilio wa majani kwenye tawi. Katika miti mingine majani hupishana, moja upande huu na jingine upande ule, hatua kwa hatua. Katika mingine hukabiliana, mawili mawili kwenye kifundo kimoja. Mbuni ni mfano mzuri wa majani yanayokabiliana, na kila mwanafunzi wa Kagera anaufahamu.

Jambo la tatu ni ukingo na mishipa. Ukingo waweza kuwa laini au wenye meno kama msumeno. Mishipa yaweza kuwa mingi na dhahiri, au mshipa mmoja tu wa kati.

Jambo la nne ni lile lisiloonekana kwa macho: harufu na utomvu. Jani la mwembe likisagwa kwa vidole hutoa harufu inayokaribia tapentaini. Jani la mkaratusi hunuka mafuta yake makali, na likiinuliwa kuelekea jua huonyesha nukta ndogo angavu, ambazo ni vifuko vya mafuta hayo. Mtoma ukivunjwa kikonyo hutoa ulimbo mweupe kama maziwa.

Hapa pana onyo ambalo mwalimu hana budi kulitoa kabla ya wanafunzi kutoka darasani. Si kila utomvu mweupe ni salama. Mnyaa, ambao hupandwa kuwa ua, na jamaa zake wenye umbo la vinara, hutoa utomvu uwezao kuunguza ngozi na kuyadhuru macho vibaya sana. Mwanafunzi asiuonje utomvu wowote, asijifute macho kwa mkono uliougusa, na anawe kwa maji mengi na sabuni mara amalizapo kazi.

Yafaa kuongeza kwamba jani moja halitoshi. Mkaratusi mchanga una majani mapana yanayokabiliana, mara nyingi bila kikonyo. Mkaratusi mzima una majani marefu membamba kama mundu, yanayopishana na kuning'inia. Mtu aliyepewa jani moja moja la kila umri angeapa kwamba yametoka katika miti miwili tofauti. Ndiyo sababu mkusanyaji mwangalifu hukata kitawi chenye majani kadhaa, na hutazama pia yaliyoanguka chini.

MITI YA KIBANJANI NA YA KANDO YA NJIA

Mti unaostahili kutajwa kwanza ni mtoma, ambao wataalamu huuita Ficus natalensis. Jani lake ni sahili, gumu kidogo, laini ukingoni, na kwa kawaida hupanuka kuelekea nchani. Ulimbo wake mweupe na kovu la duara linalozunguka tawi pale ganda la tumba lilipoanguka huutambulisha kuwa wa ukoo wa mikuyu. Tunda lake ni ajabu ya maumbile: maua yake yamo ndani ya tunda lenyewe, na nyigu wadogo sana huingia kwa tundu la nchani kuyachavusha. Kwa kuwa jamii ya mikuyu haizai kwa msimu mmoja tu, ndege na wanyama hupata chakula kwayo hata wakati miti mingine haina kitu. Gome la mtoma ndilo lililotengenezwa nguo katika nchi za maziwa makuu. Ufundi huo wa Buganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Mtoma huota hata kwa kuchomeka kipande cha tawi ardhini, jambo lililowawezesha wazee kuupanda mipakani na vibanjani bila kitalu.

Omuhumula, kwa jina la kitaalamu Maesopsis eminii, ni mti mrefu wenye shina lililonyooka. Jani lake ni sahili, lang'aa, limechongoka nchani, na ukingo wake una meno ya mviringo yaliyo mbalimbali. Tunda lake ni dogo, lina kokwa moja ngumu, nalo hugeuka kutoka kijani hadi manjano na mwishowe zambarau iliyokoza. Jina lake la pili ni kumbukumbu ya Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mti huu una funzo kubwa. Katika Kagera ni mzaliwa, na hufaa kwa mbao, kuni na kivuli. Lakini ulipopelekwa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, hondohondo na ndege wengine walizisambaza mbegu zake, nao ukaenea ndani ya msitu wa asili na kushindana na miti ya huko. Mti uleule ni mwenyeji hapa na mvamizi kule. Asiyeujua kwa jina hawezi kulijua wala jambo hilo.

Omushambya, Markhamia lutea, una jani ambatano, na majani yake hukabiliana. Mara nyingi chini ya jani kuna vijani viwili vidogo vya mviringo vinavyofanana na masikio. Maua yake ni ya manjano yenye michirizi myekundu kooni. Tunda lake ni refu na jembamba, laweza kuzidi nusu mita, nalo huning'inia kama nyoka. Likikauka hupasuka na kutoa mbegu zenye mabawa meupe maangavu ambazo upepo huzipeperusha. Nguzo zake hupendwa kwa ujenzi.

Jamaa yake wa karibu ni kibobakasi, Spathodea campanulata, ambao majani yake yaweza kumdanganya hata mtu mzima. Tofauti yao huonekana wazi katika maua na matunda. Maua ya kibobakasi ni mekundu kama moto, na matumba yake yana maji ambayo watoto huyarusha kwa kuyaminya. Tunda lake halining'inii: limesimama wima juu ya tawi, fupi na nene, na likipasuka hufanana na mtumbwi. Huu ni mfano mzuri wa kanuni isemayo kwamba majani yanapofanana, tunda ndilo mwamuzi.

Mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica, hutambulikana kwa vijani vitatu vipana juu ya kikonyo kimoja, miiba mifupi, na gome nene kama kizibo linaloukinga na moto wa nyasi. Ganda lake limebanwa kati ya mbegu na mbegu, na mbegu zake ni nyekundu zenye doa jeusi. Watoto huzipenda kwa uzuri wake, lakini zina sumu, na mtoto asizitie kinywani.

Miongoni mwa miti ya kigeni, mgrevilea umezoeleka sana mashambani. Asili yake ni Australia ya mashariki. Jani lake limechanwa-chanwa kama jani la jimbi, kijani juu na rangi ya fedha chini. Maua yake ya rangi ya chungwa yamepangwa kama meno ya chanuo. Wakulima wengi huupanda kandokando ya mibuni, maana huvumilia kukatwa matawi mara kwa mara.

MIGUNGA NA INAYOFANANA NAYO

Ukishuka kuelekea Mto Kagera na Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa mwaka 2019, migunga huongezeka. Majani yake ni ambatano mara mbili: kikonyo kikuu hugawanyika, na kila tawi lake hubeba safu mbili za vijani vidogo sana.

Zamani migunga yote iliitwa Acacia katika vitabu. Mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua jina hilo libaki kwa miti ya Australia, na uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Tangu hapo migunga ya Afrika imegawanywa katika makundi mawili makuu, na kwa jumla mwanafunzi aweza kuyatenganisha kwa mkono na kwa jicho. Kundi la Vachellia lina miiba minyoofu, miwili miwili, na maua yaliyofumbatana kama kidonge cha mviringo. Kundi la Senegalia lina miiba iliyopinda kama ndoana, na aghalabu maua yake hupangika kama mkia mrefu. Vitabu vingi vilivyomo katika maktaba za shule bado vina jina la zamani, na mwalimu afanye vyema kuwaeleza wanafunzi wake ili wasidhani ni miti mingine.

Miti miwili isiyo na miiba hufananishwa na migunga. Mkenge, wa jamii ya Albizia, una majani yanayopishana na maganda bapa, membamba kama karatasi. Mjakaranda, uliotoka Amerika ya Kusini, una majani yanayokabiliana, maua ya zambarau, na tunda la mviringo, bapa na gumu kama mbao.

SINDANO NA KONI

Sasa yatajwe makundi ya miti ambayo wanafunzi wengi huiita yote "mikrismasi". Miti hii ni ya ukoo wa kale kuliko miti yenye maua. Mbegu zake hazikufunikwa ndani ya tunda. Hukaa wazi juu ya magamba, na magamba hayo yakikusanyika pamoja hufanya koni. Basi koni ya msonobari si tunda kwa maana ya kitaalamu, ingawa watu huiita hivyo.

Tanzania haina msonobari wa asili hata mmoja. Misonobari yote ionekanayo ilipandwa, na mingi ilitoka Mexico na Amerika ya Kati. Aina mbili zastahili kutofautishwa. Pinus patula ina sindano nyembamba, kwa kawaida tatu tatu katika kila kifungo, nazo huning'inia kama nywele. Koni zake ni ngumu, zimekusanyika pamoja tawini, na huweza kukaa miaka bila kufunguka. Pinus caribaea nayo ina sindano tatu tatu kwa kawaida, lakini ni nene na ngumu zaidi, wala hazining'inii sana. Koni zake hufunguka zikakomaa na kuanguka, na kila gamba lina kijimwiba nchani.

Tofauti hiyo ndogo ya koni ina uzito mkubwa. Pinus patula hupenda nyanda za juu zenye baridi, kama zile za Sao Hill katika Mufindi. Pinus caribaea huvumilia joto la nyanda za chini. Anayeokota koni chini ya mti asioujua, akaotesha mbegu zake kitaluni na kuzigawa kijijini, huenda akagawa mti usiofaa kwa kila nyumba.

Msipresi hauna sindano ndefu. Majani yake ni magamba madogo sana yaliyolala juu ya kijitawi kama vigae vya paa. Koni yake ni ya mviringo, ndogo kuliko kokwa ya parachichi, nayo ina magamba machache yenye ncha.

Mvinje, uliozoeleka katika pwani ya Bahari ya Hindi na kupandwa pia bara, ni mdanganyifu. "Sindano" zake si majani bali ni vijitawi vya kijani. Kijitawi kikivutwa hukatika kwenye viungo, kama mabua ya nyasi, na kwenye kila kiungo kuna duara la vijimeno: hayo ndiyo majani yenyewe. "Koni" zake ndogo ni matunda ya kweli, maana mvinje ni wa kundi la mimea yenye maua.

Mpodo ni kinyume chake. Jani lake ni bapa, gumu, lenye mshipa mmoja wa kati, na mbegu yake imefunikwa na ngozi yenye nyama hata ikafanana na tunda. Mtu angeapa kwamba ni mti wa maua. Lakini ni ndugu wa misonobari, tena mzaliwa wa Afrika. Mipodo ya Kagera ina makao mashuhuri katika msitu wa Minziro, wilayani Missenyi, ambao sehemu zake hufurika maji ya Mto Kagera. Mahali pengine mipodo hupenda milima. Kule hukua kwenye kinamasi cha uwanda wa chini, jambo ambalo limewavuta wataalamu wa mimea kwa muda mrefu. Mwanafunzi wa Isingiro hana haja ya kwenda Ulaya kuuona mti wa ukoo wa koni katika msitu wake wa asili. Umo mkoani kwake.

UFUNGUO MDOGO

Mfaransa Lamarck ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuitumia vizuri njia ya ufunguo katika kitabu chake cha mimea ya Ufaransa, mwaka 1778. Kanuni yake ni kumpa msomaji maelezo mawili yanayopingana. Huchagua moja, nalo humpeleka kwenye namba nyingine, mpaka afikie jina. Ufunguo ufuatao ni wa aina au makundi 18 tu. Mti usiokuwamo usilazimishwe kuingia.

1. Majani ni sindano au magamba: nenda 2. Majani ni bapa: nenda 5.
2. Magamba madogo yaliyolala juu ya kijitawi: msipresi. Sindano: nenda 3.
3. "Sindano" ina viungo na hukatika kwenye viungo: mvinje. Sindano hazina viungo, zimefungamana tatu tatu: nenda 4.
4. Sindano zaning'inia, koni zimefumba na kung'ang'ania tawini: Pinus patula. Sindano ni ngumu, koni hufunguka na magamba yana vijimwiba: Pinus caribaea.
5. Jani ni zima: nenda 6. Jani limegawanyika au limechanwa: nenda 11.
6. Ulimbo mweupe na kovu la duara tawini: mtoma. Hakuna: nenda 7.
7. Harufu kali ya mafuta na nukta angavu: mkaratusi. Sivyo: nenda 8.
8. Ukingo una meno: omuhumula. Ukingo ni laini: nenda 9.
9. Mshipa mmoja tu wa kati huonekana: mpodo. Mishipa ni mingi: nenda 10.
10. Kikonyo kimevimba chini, harufu yakaribia tapentaini: mwembe. Sivyo: mparachichi.
11. Vijani vitatu tu: mwamba-ngoma. Zaidi ya vitatu: nenda 12.
12. Upande wa chini una rangi ya fedha: mgrevilea. Sivyo: nenda 13.
13. Jani limegawanyika mara moja: nenda 14. Mara mbili: nenda 15.
14. Tunda refu, jembamba, laning'inia: omushambya. Tunda limesimama, lafanana na mtumbwi: kibobakasi.
15. Kuna miiba: nenda 16. Hakuna miiba: nenda 17.
16. Miiba minyoofu, maua ya mviringo: mgunga wa Vachellia. Miiba ya ndoana, maua kama mkia: mgunga wa Senegalia.
17. Majani yanakabiliana, tunda la mviringo na gumu: mjakaranda. Majani yanapishana, ganda jembamba: mkenge.

KAZI YA KUFANYA SHULENI

Mwalimu asiye na maabara aweza kuifanya kazi hii kwa magazeti ya zamani na mbao mbili. Kila kundi la wanafunzi likate vitawi vya miti mitano, likivitandaza kati ya karatasi za gazeti, na kuviwekea mawe juu. Karatasi zibadilishwe kila siku kwa wiki ya kwanza ili ukungu usiingie. Vikikauka, vibandikwe juu ya karatasi ngumu, na pembeni yaandikwe mambo matano: mahali, tarehe, kimo cha mti kwa kukadiria, jina la Kinyambo au la lugha nyingine ya mahali, na jina la aliyelitoa jina hilo kwa ridhaa yake. Matunda na koni, kwa kuwa hazilali bapa, ziwekwe katika kopo lenye namba ileile.

Jambo la nne katika orodha hiyo lisipuuzwe. Mwanafunzi akienda kwa bibi au babu na kitawi mkononi, hurudi na jina, na pengine na habari za matumizi ya mti, msimu wa maua yake, na mahali ulipokuwa mwingi zamani. Majina mawili ya mahali yakipatikana kwa kitawi kimoja, yote yaandikwe. Jina moja likipatikana kwa vitawi viwili tofauti, jambo hilo nalo liandikwe, kwa maana wenyeji huweza kuiweka pamoja miti ambayo sayansi huitenga, au kuitenga ile ambayo sayansi huiweka pamoja.

Hatimaye wanafunzi wachore ramani ya bonde moja lililo karibu na shule, waonyeshe chemchemi, na waandike ni miti gani imesimama umbali gani kutoka kwenye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Ramani ya namna hiyo itaonyesha mikaratusi iko wapi, mitoma iko wapi, na ni wapi pamebaki visiki tu.

UMUHIMU WA KUHARAKISHA

Miti ya Karagwe ya zamani imepungua kwa sababu nyingi. Mashamba yamepanuka na kuni na mkaa vimetakiwa zaidi. Mwaka 1994 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe, nao, kama binadamu yeyote, walihitaji moto wa kupikia. Vilima vilivyokuwa karibu na kambi vilipoteza miti yake kwa muda mfupi. Tangu hapo juhudi nyingi za kupanda miti zimefanywa, ukiwamo mpango ulioitwa kwa lugha ya wenyeji Emiti Nibwo Bulora, yaani miti ndiyo uhai, uliowashirikisha wakulima wa Karagwe na Kyerwa katika kupanda miti ya kigeni pamoja na ya asili kama omuhumula na omushambya.

Lakini kupanda upya kwahitaji mbegu, na mbegu huchumwa kwenye mti uliotambuliwa. Pale ambapo omushambya mmoja tu umebaki mpakani mwa kibanja, na hakuna kijana aujuaye, utakatwa kama kuni nyingine yoyote, na mbegu zake hazitafika kitaluni. Wazee wanaoyajua majina wanapungua kila mwaka. Kazi ya kuyaandika majina hayo, pamoja na jani, tunda na mahali, haihitaji fedha nyingi wala chombo cha kigeni. Inahitaji gazeti la zamani, kalamu, na mwalimu aliye tayari kuwatoa wanafunzi nje kwa vipindi viwili kabla mvua za vuli hazijaisha.